Ushirika wa mafundi: sheria ya Kenya inawaruhusu nini, na inawabana wapi

Ukitaja ushirika nchini Kenya, mawazo ya wengi hukimbilia sehemu mbili. Ya kwanza ni kiwanda cha kahawa au kituo cha maziwa kijijini, ambako mkulima hupeleka mazao na kusubiri malipo. Ya pili ni Sacco, iwe ya walimu, ya polisi au ya matatu, ambako mwanachama huweka akiba na kukopa. Ipo ya tatu inayotajwa mara chache sana: watu wanaofanya kazi pamoja na ambao wao wenyewe ndio wenye biashara. Maseremala wa karakana moja, washonaji wa sare za shule, kina mama wanaopika kwenye hafla, vijana wanaosafisha majengo ya ofisi. Hakuna tajiri aliyewaandika kazi. Mashine ni zao, kandarasi iko kwa jina la chama chao, na kinachobaki baada ya gharama wanagawana kwa kadiri ya kazi aliyofanya kila mmoja.

Sheria inawaruhusu watu hawa kusajiliwa. Ila Sheria ya Vyama vya Ushirika, Namba 12 ya 1997, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004, haina sehemu iliyoandikwa mahsusi kwa ajili yao. Wanaingia kwa masharti yale yale ya mkulima wa kahawa, na mengine yanawabana mahali ambapo mkulima hayamgusi kabisa. Kwa hivyo kinachoamua kama karakana itakuwa ya mafundi kweli, au itakuwa ya mtu mmoja kwa jina la mafundi, ni sheria ndogo za chama, yaani katiba ambayo wanachama hujiandikia kabla ya kusajiliwa. Vikundi vingi huichukua katiba ya chama kingine, vikabadilisha jina na kutia sahihi. Kwa chama cha wafanyakazi, yaani ushirika ambao wanachama wake ndio wanaofanya kazi, hilo ni kosa la gharama kubwa, na sehemu kubwa ya makala haya inaeleza kwa nini.

Historia inasaidia kuelewa sheria hii ilitokea wapi. Chama cha kwanza cha ushirika Kenya kilianzishwa Lumbwa, siku hizi Kipkelion, mwaka 1908, na wenyewe walikuwa walowezi wa Kizungu waliotaka kuuza maziwa na mazao yao. Sheria ya kwanza ya kusajili vyama ilikuja 1931, na Waafrika walifunguliwa njia rasmi kwa sheria ya miaka ya 1940, vita vilipokuwa vinamalizika. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya 1966, ambayo iliipa serikali mkono mzito ndani ya vyama. Ile ya 1997 ililegeza kamba, wizi ukashamiri katika vyama kadhaa, na marekebisho ya 2004 yakairudisha kamba kwa kiasi. Katika safari yote hiyo, mtu aliyekuwa akilini mwa watunga sheria ni mwenye mazao anayehofia kudhulumiwa na karani wa mizani. Vifungu vingi vya kupambana na ufisadi vinaeleweka ukivisoma kwa macho ya huyo mkulima.

Si kwamba mafundi hawakuwahi kuungana. Mombasa, wachongaji wa vinyago wana chama chao cha Akamba Handicraft tangu miaka ya 1960, na Wamunyu kule Machakos wachongaji wana chama kingine. Lakini angalia namna vinavyofanya kazi: mchongaji huchonga kinyago chake mwenyewe, chama kinampa mahali pa kazi na duka la kuuzia, kinyago kikiuzwa chama kinakata sehemu yake na kilichobaki ni cha mchongaji. Huo ni ushirika wa wazalishaji, ndugu wa karibu wa ule wa kahawa. Karakana ambayo mmoja anakata mbao, mwingine anaunganisha, wa tatu anapiga vanishi na wa nne anatafuta wateja haiwezi kwenda hivyo, kwa sababu hakuna anayeweza kukiona kiti kilichokamilika na kusema ni chake peke yake. Hapo kinachoingizwa chamani ni kazi. Na sheria haisemi kazi ya mwanachama ihesabiwe vipi.

Kusajili

Tuseme mafundi seremala 12 wanaofanya kazi kando ya Ngong Road jijini Nairobi wameamua kuungana. Idadi haiwasumbui, kwa sababu Kifungu cha 5 kinataka watu wasiopungua 10 kwa chama cha msingi, yaani kile ambacho wanachama wake ni watu binafsi. Maombi hupelekwa kwa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika yakiwa na sahihi za watu wasiopungua 10 waliotimiza masharti ya uanachama, pamoja na nakala nne za sheria ndogo wanazopendekeza. Mahali pa kuanzia kwa kawaida ni ofisi ya ushirika ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka masuala ya vyama vya ushirika chini ya serikali za kaunti. Afisa wa huko ndiye atakayewataka waonyeshe kumbukumbu za mkutano wa kuanzisha chama na maelezo ya kiuchumi kwamba biashara inaweza kujiendesha. Huyo afisa mfanyeni rafiki mapema. Mtamhitaji.

Kifungu cha 4 kinataka mambo mawili yaonekane: kwamba lengo la chama ni ustawi na maslahi ya kiuchumi ya wanachama, na kwamba sheria ndogo zimebeba kanuni saba za ushirika, zile zilizokubaliwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika kule Manchester mwaka 1995. Uanachama wa hiari na wazi, udhibiti wa kidemokrasia, ushiriki wa kiuchumi, uhuru wa chama, elimu, ushirikiano baina ya vyama, na kuijali jamii. Msiishie kuziorodhesha tu. Neno "wazi" katika kanuni ya kwanza, kwa mfano, linahitaji maelezo katika chama cha wafanyakazi, la sivyo mtu yeyote mwenye fedha anaweza kubisha hodi akidai ana haki ya kununua hisa.

Ulinzi dhidi ya mtu huyo umo katika Kifungu cha 14, na nakiona kuwa kifungu chenye manufaa kuliko vyote kwa mafundi. Kinasema mwanachama awe ametimiza miaka 18, awe na ajira, kazi au taaluma inayoangukia kundi ambalo chama kimeundwa kwa ajili yake, na awe mkazi au mwenye ardhi ndani ya eneo la shughuli za chama. Hilo sharti la pili ndilo shina. Sheria ndogo zikiandika kwamba chama ni cha "watu wanaofanya useremala ndani ya karakana ya chama", basi shemeji mwenye duka la simu, mwanasiasa wa wadi na mfadhili mwenye nia njema wote wanabaki nje. Zikiandika "watu wanaopenda maendeleo ya useremala", mlango umeachwa wazi na hakuna wa kumlaumu. Hilo la makazi nalo lisipite hivi hivi. Fundi wa Ngong Road anaweza kuwa analala Rongai, ambayo iko Kajiado, au Kikuyu, ambayo iko Kiambu. Eneo la shughuli likiandikwa "Kaunti ya Nairobi" pekee, nusu ya waanzilishi wanaweza kujikuta hawana sifa za kuwa wanachama wa chama chao wenyewe.

Kamishna akiona kuna mapungufu yanayoweza kurekebishwa, Kifungu cha 7 kinamruhusu kutoa usajili wa muda usiozidi mwaka mmoja. Chama kinaruhusiwa kufanya kazi katika kipindi hicho, mradi kitangaze kwenye barua na kibao chake kwamba usajili ni wa muda. Akikataa kabisa, kuna rufaa kwa waziri. Usajili kamili ukitoka, chama kinakuwa mtu kisheria: kinaweza kumiliki mashine, kufungua akaunti, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na kinaendelea kuwapo hata mwanachama akifa au akiondoka.

Jambo moja linaniuma katika hatua hii. Sheria inataka nakala hizo nne za sheria ndogo ziwe kwa Kiingereza. Karakana nyingi za jua kali zinaendesha mazungumzo yake yote kwa Kiswahili, na mtu anaweza kuwa fundi hodari wa kabati bila kuwa msomaji wa Kiingereza cha wanasheria. Hakuna kinachokataza kuwa na nakala ya Kiswahili, isomwe kifungu kwa kifungu, watu wabishane, ndipo ya Kiingereza iandikwe kwa kuifuata. Katiba ikishasajiliwa humfunga kila mwanachama kana kwamba aliitia sahihi mwenyewe, awe aliielewa au hakuielewa.

Mwenye mashine

Katika kila kikundi cha mafundi yuko mmoja mwenye mashine. Tuseme wenzake 11 wamechanga Sh10,000 kila mmoja, jumla Sh110,000, na yeye analeta mashine ya kupasua na kuranda mbao yenye thamani ya Sh150,000. Wazo la haraka ni kuihesabu mashine kuwa hisa zake. Sheria haikubali. Kifungu cha 20 kinasema hakuna mwanachama, isipokuwa chama kingine cha ushirika, anayeweza kushika zaidi ya moja ya tano ya mtaji wa hisa uliolipwa.

Piga hesabu. Wenzake wakiwa na Sh110,000, hisa zake haziwezi kuzidi Sh27,500, maana hapo mtaji wote unakuwa Sh137,500 na yeye anashika moja ya tano kamili. Zile Sh122,500 zilizobaki lazima ziitwe kitu kingine. Chama kinaweza kumwandikia kuwa ni deni, lilipwe kidogo kidogo, kwa kuwa sheria inaruhusu kukopa ndani ya mipaka iliyowekwa na sheria ndogo. Au mashine ibaki yake na chama kiikodi kwa bei iliyoandikwa, kikiwa na haki ya kuinunua baadaye. Mimi nachagua deni. Mashine ya kukodi inampa mwenyewe uwezo wa kuing'oa siku atakayokosana na wenzake, na karakana isiyo na mashine haina sauti yoyote mezani.

Kwenye kura hakuna utata. Mwanachama mmoja ana kura moja, awe na hisa za Sh1,000 au za Sh27,500. Tofauti na kampuni ndiyo hiyo, ambako kwa kawaida hisa ndizo zinazopiga kura.

Kamati ambayo haipaswi kulipwa

Sasa tufike penye fundo gumu. Kifungu cha 28 kinataka kamati ya wanachama wasiopungua 5 na wasiozidi 9. Katika chama cha watu 12 hata hao 5 ni karibu nusu ya karakana, na si vibaya, maana watu wengi watajifunza uongozi. Halafu kifungu hicho hicho kinaorodhesha wasioweza kuwa wanakamati. Asiyejua kusoma na kuandika. Aliyepatikana na hatia ya makosa ya udanganyifu. Anayelipwa ujira, mshahara au malipo mengine na chama, isipokuwa kwa mujibu wa Sheria yenyewe.

Soma hilo la mwisho tena ukiwa umekaa kwenye benchi la seremala. Katika chama cha kahawa lina maana nzuri: karani au meneja anayelipwa na chama asiwe tena ndiye anayejisimamia. Lakini katika chama cha wafanyakazi kila mwanachama analipwa na chama, kwa sababu hapo ndipo anapopatia riziki. Ukilichukua neno kwa neno, hakuna hata mmoja anayeweza kuchaguliwa.

Ninavyokisoma mimi, njia ya kutokea imo katika maneno "isipokuwa kwa mujibu wa Sheria". Mkutano mkuu ndiyo mamlaka ya juu ya chama, na sheria ndogo zilizosajiliwa zina nguvu ya kisheria. Kwa hivyo sheria ndogo zieleze waziwazi kwamba kila mwanachama hupokea malipo ya kazi kwa viwango vilivyopitishwa na mkutano mkuu, kwamba viwango hivyo ni vya kazi ya karakanani pekee, na kwamba mwanakamati halipwi chochote cha ziada kwa cheo chake ila posho iliyoidhinishwa na mkutano huo huo. Ombeni ushauri wa afisa wa kaunti kwa maandishi kuhusu kipengele hicho kabla ya kupeleka maombi. Msikifiche kwa matumaini kwamba hakuna atakayekiona. Kitaonekana siku ya ugomvi, na atakayekiona ni wakili wa upande wa pili.

Katazo jingine kwenye orodha hiyo linawahusu mafundi moja kwa moja. Katika chama kinachofanya biashara ya bidhaa, mwanakamati haruhusiwi kuuza bidhaa za aina ile ile kwa faida yake binafsi. Seremala gani hana kazi ya pembeni? Jirani anataka kitanda, anakitengeneza Jumapili na kujipatia chochote. Kwa mwanachama wa kawaida sheria haisemi neno, lakini akichaguliwa katika kamati tayari ana kasoro. Ni afadhali sheria ndogo ziwawekee wote kanuni moja, kwa mfano kazi yoyote ya kutumia mashine au mbao za chama ipitie kwenye daftari la chama. Ugomvi wa kazi za pembeni huanza na kitanda kimoja.

Mwanachama au mwajiriwa?

Swali la pili gumu ni hili: fundi mwanachama ni mwajiriwa wa chama chake? Sheria ya Vyama vya Ushirika haijibu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamweleza mwajiriwa kuwa ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara, na kwa kuwa chama ni mtu wa kisheria aliye tofauti na wanachama wake, hakuna kinachokizuia kuwa mwajiri wao.

Kuna kishawishi kikubwa cha kujibu hapana. Ukisema wanachama si waajiriwa, makato yote yanaonekana kutoweka. Chukua fundi wa Sh30,000 kwa mwezi. Bima ya afya ya jamii kwa kiwango cha asilimia 2.75 ni Sh825. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni Sh450, na mwajiri anaongeza Sh450 nyingine. NSSF kwa asilimia 6 ni Sh1,800, na mwajiri analipa kiasi hicho hicho. Kwa mafundi 12, sehemu ya mwajiri peke yake inafika Sh27,000 kila mwezi, na hapo hatujagusa kodi ya mapato. Fedha hizo zinanunua mbao.

Nasema lipeni, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni vidole. Msumeno wa umeme hauulizi kama aliyeushika ni mwanachama au mwajiriwa, na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamlinda mwajiriwa na kumtaka mwajiri awe na bima. Chama kilichojitangaza kwamba hakina waajiriwa kitajikuta kinachangisha harambee hospitalini.

Sababu ya pili ilionekana Colombia. Huko sheria ilitambua vyama vya ushirika vya wafanyakazi na kuviondoa chini ya sheria ya kazi, kwa hoja kwamba mtu hawezi kuwa bosi na mwajiriwa wake mwenyewe. Wenye viwanda na mashamba wakaugeuza uhuru huo kuwa mtego. Wafanyakazi waliachishwa kazi, wakaambiwa wajiunge na "ushirika", kisha wakarudishwa kwenye mashine zile zile, kwa malipo madogo zaidi, bila mafao na bila haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia chama cha kutetea wafanyakazi. Serikali ililazimika kuingilia kati, kwanza mwaka 2008 kwa kuvilazimisha vyama hivyo kulipa michango ya jamii, halafu 2010 kwa kukataza visitumike kupeleka watu kwenye kazi za kudumu za kampuni nyingine. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limekwisha kuonya: Pendekezo lake namba 193 la mwaka 2002 linazitaka serikali zihakikishe ushirika hautumiki kukwepa sheria za kazi. Na Italia, sheria yao namba 142 ya 2001 ilimaliza ubishi kwa kusema mwanachama mfanyakazi ana mahusiano mawili na chama chake kwa wakati mmoja, la uanachama na la kazi, na kila moja lina haki zake.

Kenya haina kifungu kama hicho cha Italia. Mafundi wanaweza kukijengea wenyewe ndani ya sheria ndogo, waeleze kwamba mwanachama atakuwa pia na mkataba wa kazi, kwamba kufukuzwa kazi si kufukuzwa uanachama na kinyume chake, na ni nani anaamua kila moja. Bila hilo, msimamizi wa karakana anaweza kumtimua mtu kazini asubuhi na kumnyima kura kabla ya mkutano wa jioni.

Vibarua, ziada na kuondoka

Oda kubwa ikija, tuseme madawati 400 ya shule, mafundi 12 hawatoshi. Wataita vibarua. Oda ikiisha, vibarua wawili hodari wanabaki, kisha wanne, na baada ya miaka michache wanachama 12 wamekuwa matajiri wa watu 20 wasio na hisa wala kura. Hapo ushirika umekwisha hata kama cheti bado kiko ukutani, na sheria ya Kenya haina neno juu ya hilo. Ufaransa wameweka kipimo: katika vyama vyao vya ushirika vya wafanyakazi, wanachama walio wafanyakazi lazima washike angalau asilimia 51 ya mtaji na asilimia 65 ya kura. Hapa kwetu kipimo lazima kiandikwe na wenyewe. Kipindi cha majaribio kiwe na mwisho unaojulikana, baada yake mtu apewe nafasi ya kuomba uanachama, na bei ya hisa ya kuingia iweze kukatwa kidogo kidogo kwenye malipo yake. Kiingilio cha Sh30,000 taslimu kinamfungia nje yule yule mnayedai kumtetea.

Kuhusu fedha, sheria imenyooka zaidi. Hesabu hukaguliwa kila mwaka, mkutano mkuu wa mwaka hufanyika ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kwisha, na wanachama hupewa notisi ya siku 15. Chama hakiruhusiwi kulipa gawio wala bonasi kabla ya hesabu zilizokaguliwa kuonyesha ziada inayotoka. Kwa karakana hilo lina maana kwamba malipo ya kila Jumamosi lazima yaandikwe kama malipo ya kazi. Mkiyaita "kugawana faida", mnavunja sheria kila wiki. Bonasi ya mwisho wa mwaka ndiyo ya kugawana ziada, na sheria ndogo ziseme itagawanywa kwa saa au siku alizofanya kazi kila mmoja. Mkiinyamazia, siku moja mtu atapendekeza igawanywe kwa hisa, na yule mwenye mashine atamuunga mkono. Sehemu ya ziada huingia katika mfuko wa akiba wa chama, ambao hakuna mwanachama anayeweza kudai fungu lake.

Hilo la mfuko liwekeni wazi tangu mwanzo, kwa sababu ndilo huleta machozi mtu anapoondoka. Anarudishiwa thamani ya hisa zake kwa utaratibu wa sheria ndogo. Hapati sehemu ya mashine zilizonunuliwa kwa jasho la miaka kumi. Baadhi ya watu huona ni dhuluma. Mimi naona ndiyo inayozuia wanachama wa leo kuuza karakana na kugawana bei yake, wakawaachia wanafunzi wao viwanja vitupu. Lakini muda wa kurudisha hisa uandikwe, iwe ni miezi mitatu au sita, na mjane asiambiwe kila mwezi arudi mwezi ujao. Mgogoro ukishindikana nyumbani, Sheria inaupeleka mbele ya Jopo la Ushirika, chombo cha kimahakama kilichoundwa kwa kazi hiyo.

Mkiwa pungufu ya kumi

Watu sita hawawezi kusajili ushirika Kenya, na kukopa majina ya binamu ili kufikisha 10 ni kutafuta matatizo, kwa kuwa binamu hao watakuwa na kura. Sita wanaweza kufungua kampuni ndogo chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 na kuandika katika katiba yake kwamba kila mwenye hisa ana kura moja na kwamba anayeacha kazi huuza hisa zake kwa waliobaki. Haitaitwa ushirika, maana jina hilo limehifadhiwa kwa vyama vilivyosajiliwa, lakini itaendeshwa kama ushirika. Kikundi cha jamii nacho si jibu, maana hakifai kubeba deni la mashine na kandarasi za mamilioni.

Tanzania, idadi kwa mafundi ni hiyo hiyo: Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya 2013 inataka watu 10 au zaidi kwa ushirika wa wenye ujuzi maalumu, wakati wakulima wanaanzia 20. Huko wenye ujuzi wametajwa kwa jina, na usajili uko kwa Mrajis, yaani msajili wa vyama, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Sheria ya Kenya ya 1997 nayo imekuwa mbioni kubadilishwa. Mswada wa Vyama vya Ushirika wa 2024 ulipelekwa Bungeni ukikusudia kuiweka kando na kuandika upya mgawanyo wa kazi kati ya kaunti na serikali kuu. Kwa hivyo siku mtakapokwenda ofisi ya kaunti, swali la kwanza liwe ni sheria ipi inatumika siku hiyo, na la pili liwe lile la kamati: je, mwanachama anayelipwa kwa kazi yake karakanani anaruhusiwa kuchaguliwa? Mwombeni afisa aliandike jibu, aweke sahihi na muhuri, na nakala ikae kwenye faili la chama pamoja na cheti.